Mlinde Mama Kabla Hajavunjika

4 Februari

Sindano,

Leo nimejikuta ukutani.

Nilikuwa natoka sokoni na vifungo na uzi mweusi. Kufika mlango wa zahanati nikaona watu wamesimama wanatazama ukuta. Nikasogea na mimi, maana nani hapendi kujua wenzake wanatazama nini. Bango kubwa kuliko mlango wenyewe. Mwanamke kajikunja juu ya meza, uso umepakwa weusi, mgongo umetoka nje kama mkono wa ndoo. Nikasema moyoni, masikini, huyu mama wa watu kapatwa na nini. Halafu nikaona utepe wa kupimia shingoni. Halafu nikaona pembe ya meza iliyoungua pasi. Pembe ile niliiunguza mimi, mwanangu. Hakuna meza nyingine duniani yenye doa lile.

Muuza vitunguu, ambaye mdomo wake hauna breki, akapaza sauti: “Fundi, wamekutoa vizuri!” Watu wakageuka. Wakatazama bango, wakanitazama mimi, wakatazama bango tena. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nimekumbuka siku ulipokuja. “Shangazi, usigeuke, mwanga ni mzuri hivyo hivyo.” Nikadhani unataka kumbukumbu yangu. Kumbe ulikuwa unatafuta mgonjwa. Mimi niliyekuchukua siku ya matanga ya mama yako, nikakushonea sare zako zote kwa mikono hii, nikakupa jina la Sindano kwa wembamba wako, leo umenibandika mlango wa zahanati na maneno makubwa juu ya kichwa changu: MLINDE MAMA KABLA HAJAVUNJIKA.

Unajua kilichofuata? Mteja mmoja kaja kuchukua vitambaa vyake kabla sijavikata. “Pumzika, fundi, tumeona.” Mwingine kanishika mkono kunivusha mtaro ninaouvuka kila siku ya Mungu. Na kaka yako, mwanangu Bwana Maji mwenyewe, katoka ofisi ya maji saa za kazi, kasimama mlangoni kwangu akanikagua kama bomba linalovuja. Mwanangu akikagua kitu hivyo mimi huogopa.

Bango litoke. Sikuombi, nakwambia. Na nimeandika barua badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu una tabia ya kusema “nakuelewa, nakuelewa” wakati hujaelewa kitu. Barua itabidi unisikie mpaka mwisho.

Shangazi yako,
fundi cherehani, si mgonjwa wa ukutani


13 Februari

Shikamoo shangazi,

Barua yako nimeisoma nikiwa ofisini na ikabidi nitoke nje. Nisamehe kwa aibu uliyoipata. Tuliambiwa uso ukipakwa weusi hakuna atakayemtambua mtu. Sikufikiria ile meza.

Lakini naomba na wewe unisikie. Kazi yangu ni kuwafikia watu kabla ya ugonjwa huu kuwafikia. Mifupa ya mwanamke aliyekoma kuona siku zake inapungua nguvu pole pole, na yeye hana habari. Hakuna homa, hakuna uvimbe. Siku moja anateleza bafuni, nyonga imevunjika, na wengine hawanyanyuki tena. Nimewaona wodini. Nimewashika mikono. Nikatafuta picha itakayomfanya mtu asimame asome, na picha hiyo nilikuwa nayo kwenye simu.

Na nitasema lililonifanya nikupige picha. Wewe ulikuwa mrefu, shangazi. Ulikuwa unaanika nguo kwenye kamba ya juu bila kujinyoosha, na mimi nilikuwa napita chini ya kwapa lako. Siku ile nilipokukuta umefika kimo changu nilishtuka. Mtu akipungua urefu hivyo mara nyingi ni pingili za mgongo zinabonyea. Ningeanzaje kukwambia? Nikapiga picha.

Umesoma maneno ya chini? Niliyaandika mwenyewe: mama atembee, asimame, anyanyue vitu vya kiasi, apate jua, anywe maziwa, ale mboga za majani na samaki wadogo na mifupa yao, apimwe. Bango lililochapwa sijaliona, linachapwa makao makuu na kusambazwa moja kwa moja. Lakini maneno yale ndiyo bango lenyewe. Picha ni ya kuwaita watu tu.

Kuhusu kuliondoa, nitamwona mratibu wa mradi. Nipe muda. Na kaka akikwambia upumzike kidogo, tafadhali usimkatalie. Anakupenda.

Mwanao,
Sindano


1 Machi

Dada yangu mpendwa,

Natumaini u mzima. Sisi wazima, na mama mzima zaidi kuliko sote kwa sababu sasa hafanyi kitu.

Nimeona nikuandikie nikushukuru. Bango lako limenifungua macho. Kila siku nilikuwa nampita mama yangu ameinama kwenye ile meza na sikuwa namwona. Nilipolisoma lile neno “kabla hajavunjika” nilikosa raha siku nzima. Nikasema hapana, mimi ni mtoto wake wa pekee, nikae nisubiri avunjike?

Tumemhamishia kwetu. Chumba cha mbele, karibu na choo, asitembee sana. Nimemnunulia kiti kizuri cha mito, mtu huzama mpaka kiunoni. Habebi ndoo, habebi sufuria, hainami, hapandi ngazi ya baraza. Uani simruhusu kwa kuwa pana utelezi. Simu yake nakaa nayo mimi, ilikuwa inamnyanyua nyanyua bila sababu. Chumba cha cherehani nimerudisha funguo kwa mwenye nyumba, na cherehani tumempa mdogo wake wifi yako, anajifunza kushona.

Mwanzoni mama alipiga kelele, unamjua. Nikamwonyesha bango. Siku hizi ametulia kabisa, hata kuongea haongei sana. Anapumzika.

Majirani wameiga. Mtaa huu akina mama watano sasa wamekalishwa, hata yule mwoka mikate. Kama una mabango zaidi niletee, nitayabandika ofisini kwetu. Watu wanakuja kulipia maji wamesimama foleni bure, heri wasome.

Ndugu yako,
Bwana Maji, kama mnavyoniita


8 Machi

Kaka,

Nani alikwambia umkalishe?

Nimesoma barua yako nikidhani unanitania. Umemchukua mtu aliyekuwa anasimama kutwa, anakanyaga cherehani, anatembea kwenda sokoni na kurudi, umemtumbukiza kwenye mito, ukamfungia jua na simu, halafu unanishukuru! Mfupa unajengwa kwa kubeba, kaka. Mguu usiposimamishwa unasahau. Ukimkalisha mtu miezi miwili mitatu, misuli inaisha, uwezo wa kujisawazisha unapotea, na siku atakayonyanyuka kwenda chooni, karibu kama kilivyo, ndiyo siku atakayoanguka. Unamwandalia hicho hicho unachokikimbia.

Na cherehani! Mmegawa cherehani ya mtu aliye hai? Aliyewalipia wewe na mimi shule ni nani kama si ile cherehani? Mlimuuliza?

Mtoe kwenye kiti. Leo. Mpeleke nje asubuhi, mshike mkono, atembee. Soma maneno ya chini ya bango kama hukuyasoma. Yapo hapo kwa ajili ya watu kama wewe.

Dada yako


14 Machi

Dada,

Nimeisoma barua yako mbele ya mke wangu, na nimeona aibu kwa niaba yako.

Unaniambia nisome maneno ya chini. Nimekwenda zahanati na miwani yangu nikasimama mbele ya bango kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Nakuandikia yote yaliyopo. Juu: MLINDE MAMA KABLA HAJAVUNJIKA. Katikati: mama yangu, bila uso. Chini yake: “Mifupa dhaifu haitoi taarifa.” Chini kabisa: nembo. Nembo za ofisi, nembo za wafadhili, mstari mzima kutoka pembe hadi pembe, nyingine sijui hata za nani. Basi. Kutembea hakupo. Jua halipo. Samaki hayupo.

Sasa mimi nifanye nini? Serikali imeniandikia ukutani kwa herufi za kuonekana barabarani kwamba nimlinde mama yangu asivunjike. Kitu kinachovunjika hulindwaje? Unakiweka mahali salama, hukigusi. Nyumbani glasi nazilinda hivyo hivyo. Nimetii, halafu unanitukana.

Hukuwepo hapa, dada. Ulikuja, ukapiga picha, ukaondoka. Mimi ndiye ninayesikia mama akikohoa.

Kaka yako


17 Machi

Sindano,

Barua hii anaileta mke wa kaka yako. Ataificha kwenye mfuko wa unga mpaka kituo cha mabasi. Tumefika huko, mwanangu, mimi na mkamwana wangu tunaficha barua kama wasichana wa bweni.

Mwandiko usiutazame. Naandikia juu ya goti.

Nataka nikueleze kiti. Kina mito mitatu na mikono minene. Ukikaa, magoti yanakuwa juu kuliko kiuno, na kutoka ni mpaka uvutwe. Wiki za kwanza nilikuwa natoka mwenyewe kwa hasira. Hasira zilipoisha nguvu nikaanza kuita watu. Naita nipelekwe chooni. Mimi! Wifi yako namwona anavyokausha mikono haraka akikimbilia kuninyanyua, na naona haya mpaka nabana haja zangu.

Wageni wakija wananisalimia kwa sauti kubwa, kana kwamba mifupa ikilegea na masikio yanaziba. Wanamuuliza mwanangu, “Mama anakula?” Niko pale pale! Niulizeni mimi! Kaka yako anajibu, “Anakula vizuri.” Nimekuwa mbuzi wa maonyesho.

Mwoka mikate kanitumia salamu kwa mdomo wa wifi yako. Na yeye kakalishwa. Wanawe wamebomoa tanuri wakasema unga ni mzito. Mikate ya mtaa huu sasa inatoka mbali na imelala. Watu wanalalamikia mikate, mwoka mikate hakuna anayemlalamikia.

Uliniambia nisimkatalie kaka yako. Nilikusikiliza. Nilijiambia, huyu mtoto kasoma, ana mapenzi na mimi, labda anajua asichonieleza. Laiti ningekataa siku ile ya kwanza! Nimekasirika nawe kuliko yeye. Yeye ni mjinga wa mapenzi, tangu utotoni akipenda kifaranga anakibana mpaka kinakufa. Wewe nilikutegemea.

Sitaki pole. Nataka miguu yangu.

Shangazi yako


24 Machi

Kwa Mratibu wa Mradi wa Afya ya Mifupa,

Naomba mabango yote ya “Mlinde Mama” yaondolewe mara moja.

Rasimu niliyowasilisha ilikuwa na maelezo ya mazoezi, jua, chakula na vipimo. Bango lililochapwa halina hata moja. Mahali pake pamewekwa nembo. Matokeo yake tumewatisha watu kisha hatukuwaambia la kufanya, na watu wenye mapenzi wamefanya walichoweza kukibuni: wamewakalisha mama zao. Katika mtaa mmoja tu ninaoufahamu, wanawake waliokuwa wanatembea na kufanya kazi sasa wanavutwa kutoka kwenye viti. Tulitumwa kuzuia mifupa isivunjike. Tunaivunja sisi, kwa karatasi ya kung’aa.

Nilipendekeza tangu mwanzo twende nyumba kwa nyumba, tuongee na watoto na wakwe kwa sababu wao ndio wanaoamua, tuwafundishe akina mama mazoezi pale pale wanapofanyia kazi. Nikaambiwa hiyo ni njia ya polepole. Naomba kujua hii ya haraka imetufikisha wapi.

Nasubiri majibu kwa maandishi.

Afisa Uhamasishaji


30 Machi

Afisa Uhamasishaji,

Barua yako imepokelewa, pamoja na lugha yake.

Tathmini yetu inaonyesha kuwa wengi waliohojiwa wanalikumbuka bango, na baadhi wanaweza kulieleza lilivyo bila kuliona. Hayo ni mafanikio ambayo miradi mingi haijayapata. Maelezo ya chini yaliondolewa kwa sababu za mpangilio, ili nembo za wadau zionekane kwa ukubwa unaolingana. Mabango yatabaki, na awamu ya pili iko kwa mchapishaji.

Kuhusu mhusika wa picha, nakukumbusha kuwa ni wewe uliyetuhakikishia mbele ya kikao kwamba ameridhia. Kama sivyo, ungesema wakati ule.

Mratibu


2 Aprili

Shikamoo shangazi,

Mratibu amekataa. Amenijibu pia jambo ambalo ni la kweli, na heri ulisikie kwangu: kwenye kikao waliuliza kama umekubali picha itumike, nikasema ndiyo. Sikukuuliza kwa sababu nilijua ungekataa. Sina maneno ya kulipamba hili.

Barua yako ya mwisho ina hasira mpaka herufi zimelala chali. Unastahili kuzikasirikia hata kalamu.

Nimeomba likizo. Nakuja, na ninakuja na mtaalamu wa mazoezi ya viungo kutoka hospitali, mwanamke asiyecheka ovyo, mtapatana. Usimwambie kaka, atapanga hotuba.

Sindano


20 Mei

Dada,

Nimesubiri hasira zipoe ndipo nikuandikie. Hazikupoa. Naandika hivyo hivyo.

Mtu mzima, afisa wa serikali, unapanda juu ya kreti la soda mchana kweupe unakwangua bango la ofisi yako kwa kisu cha jikoni, na muuza vitunguu anakushangilia! Mlinzi alikuja kuniuliza mimi kama una akili timamu. Nimeitwa na mkuu wangu wa kazi kueleza uhusiano wetu. Nimeeleza.

Kisha ukaingia kwangu na yule mtaalamu wako. Ndiyo, mama alikuwa na plasta ya kufungia mfupa mkononi. Ndiyo, alianguka, akitoka kwenye kiti nilichomnunulia mwenyewe, tarehe tatu Machi, siku mbili baada ya mimi kukuandikia kwamba ni mzima. Barua aliyokutumia aliiandika kwa mkono wa kushoto. Na mimi nilipokujibu kwa ukali, plasta nilikuwa naiona mbele yangu. Ungetaka niandikeje? Kwamba nimemlinda mpaka amevunjika?

Mtaalamu akamwambia, “Mama, simama bila kushika kitu.” Mama akajaribu akarudi kitini. Akajaribu tena. Sijawahi kumwona mama yangu akishindwa kitu mbele ya mgeni. Na wewe ukanitazama kana kwamba nimemfanyia peke yangu. Nani aliyepaka uso wake weusi, dada? Niambie. Mimi angalau nilimwachia uso.

Basi sasa sebule yangu imekuwa uwanja. Kila Jumanne wanakuja, mwoka mikate mbele, wanashika migongo ya viti vyangu, wananyanyua visigino, wanashusha, wanasimama mguu mmoja kama korongo na kucheka. Mke wangu ndiye kocha. Yule mtaalamu wako ameagiza kila mmoja aje na mwanawe au mkwewe ajionee, kwa hiyo siku hiyo nina wanaume wazima wamejipanga ukutani kwangu wanafundishwa namna ya kutomsaidia mama yao. Kazi yangu mimi ilikuwa ngumu kuliko zote. “Kaa mikono nyuma,” kocha ananiambia. Ndani ya nyumba yangu!

Jana nilikuwa nakunywa chai. Nilipoinua macho mama hakuwa kitini, alikuwa ameshafika mlangoni. Mwenyewe. Nilitaka kupiga kelele, nikaumeza ulimi. Akaenda mpaka uani, akasimama juani, akarudi. Chai yangu ilipoa mkononi. Hujui hofu hiyo, wewe unakuja na kuondoka.

Akianguka tena nitakulaumu wewe, na nitajilaumu mimi, na huyo mratibu wenu nitamtafuta.

Kaka yako


2 Agosti

Shikamoo shangazi,

Kaka ameniambia kwa simu, kwa masharti nisimpongeze, kwamba unashona tena. Sikumpongeza. Nilikata simu nikalia, nikapiga tena.

Huku nimeondolewa kwenye mabango. Walidhani wananiadhibu, wakanipeleka kazi za mitaani, na ndiyo niliyokuwa naiomba. Naingia nyumba kwa nyumba. Sianzi na mama mwenyewe, naanza na wanaomsimamia, nawauliza wanamsaidia nini, kisha tunatoa kimoja kimoja. Jana nimegombana na kijana mmoja aliyemfungia bibi yake ndani kwa upendo mtupu. Awamu ya pili ya bango imechapwa, na maneno ya chini yamerudi, madogo, lakini yamerudi, na picha siyo yako.

Sasa lipo jambo. Mtaa wenu umesikika. Ofisi wanataka uzunguke nami mitaa mingine. Ungesimama mbele ya akina mama na familia zao, ungeeleza kilichokupata, waone unavyonyanyuka kwenye kiti bila kushika. Wanakusudia kukuita Balozi wa Mifupa. Mratibu mwenyewe anataka kukusalimia.

Sijawajibu. Nimewaambia sijui, mwenyewe hajaulizwa. Kwa hiyo nakuuliza, shangazi. Utapenda?

Mwanao,
Sindano


10 Agosti

Sindano,

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya pili nilikuwa natafuta mahali ulipoahidi watu kwamba nakuja. Sikupaona. Nikaiweka chini nikatazama ukuta kidogo.

Cherehani imerudi. Kaka yako kaifuata mwenyewe kwa mdogo wa mkewe, kaileta begani akinung’unika njia nzima, na chumba kipya kakitafuta yeye, karibu na barabara, chenye dirisha la jua. Meza kaiwekea magogo miguuni ikapanda juu, kwa maelekezo ya yule mwanamke asiyecheka, ili nikate nguo nimesimama wima na si kuinama. Wima yenyewe ndiyo hiyo hiyo niliyobakiwa nayo. Ameniambia ukweli, pingili iliyobonyea hairudi, na mkono wa kulia ukipata baridi unaniuma. Dawa nameza, maziwa nakunywa, na siyapendi. Kaka yako anapita dirishani asubuhi na jioni anajifanya anakagua mita. Mita ya nyumba hii iko upande wa pili. Namwacha apite.

Sasa nisikie. Hasira zangu hazijaisha, na usidhani zitaisha kwa sababu nimepata chumba chenye dirisha. Mwoka mikate anatembea, lakini tanuri halijajengwa, wanawe wanasema watafikiria. Watafikiria! Tanuri la mama yao! Wengine wawili hawajatoka kwenye viti mpaka leo kwa kuwa watoto wao wako safarini na hakuna wa kuitwa. Nenda kwa hao. Mwambie mratibu wako aje awasalimie hao, atawakuta, hawana pa kwenda.

Huo ubalozi, hapana. Nikisimama mbele ya watu mkanionyesha, “Mtazameni, alikuwa hivi sasa yuko hivi,” nitakuwa nimerudi ukutani, ila safari hii natabasamu. Nimeshakuwa mama wa kuvunjika, nikawa mama wa kukalishwa, sasa mnataka niwe mama wa kupona. Nina kazi yangu.

Tangu Februari watu wananipenda na kuniamulia. Wewe uliniamulia, kaka yako akaniamulia, hata muuza vitunguu ananichagulia njia ya kupita. Hii barua yako ndiyo ya kwanza iliyoniuliza, na nimeona raha kukataa mpaka nimecheka peke yangu nikachoma kidole. Waambie ofisini fundi ameulizwa, amesema hapana, na ana nguo za watu.

Shangazi yako